Mtungi Usiosemeshwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, palikuwa na mahali pamoja tu ambapo bibi yangu alifunga mdomo. Kwingine kote alisema. Alisema akitwanga, alisema akichota maji, alisema na kuku wake, na kwenye maulidi moja akina mama walimnyamazisha mara mbili. Lakini akifika nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, pale alipoufukia mtungi wake mkubwa nusu ndani ya ardhi, Bi Mwavita alinyamaza, na ole wako umsemeshe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kisarawe, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, mama yuko naye huko, nami niliachwa kwa Bibi nimsaidie kazi na nimchangamshe. Hilo la kumchangamsha sijui nani alilibuni, maana Bibi alinishinda kwa kuchangamka. Aliniita mke mwenzie, kwa utani wetu wa Pwani, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu. Babu mwenyewe alikwisha kufa, kwa hiyo akasema sisi ni wajane wawili, tutunzane.

Ndani ya mtungi ule mlikuwa na kitu alichokiita togwa ya shamba. Alikigundua mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Ng'ombe kwetu walikuwa haba, mbung'o waliwamaliza, lakini Mwarabu mwenye duka alikuwa na wawili aliowafukizia moshi usiku na mchana. Bibi alipokuwa kijana alimchotea maji yule Mwarabu, akaona kwamba maboga yaliyoota kwenye mfereji wa banda, pale mkojo na mavi yanapopita na maji ya kuoshea, yalikuwa makubwa hata mtu mmoja hawezi kulibeba moja. Wengine waliyaona pia. Wao waliyala tu, Bibi akajiuliza.

Basi kila asubuhi tulikwenda bandani, yeye na debe, mimi na kopo. Mavi tuliyazoa mabichi. Mkojo tuliukinga, na kukinga mkojo wa ng'ombe ni kazi ya subira, mwenzangu, kwa sababu unachuchumaa nyuma yake na kopo lako, naye anageuza shingo anakutazama, na siku nyingine anakungoja uchoke ndipo akojoe. Nyumbani tulivichanganya na maji, tukatia miwa iliyopondwa, konzi mbili za unga wa kunde, na konzi moja ya udongo mweusi wa chini ya mfenesi, mahali ambapo jembe halijapita. Tukafunika kwa mkeka mkuukuu. Ilikorogwa asubuhi na jioni, mizunguko mia. Siku ya tatu ilianza kutoa povu, siku ya tano ikachachuka kwelikweli, ukitega sikio unaisikia inanong'ona. Siku ya nane iko tayari. Kata moja kwa kata kumi za maji, unamwagia shinani wakati wa jioni, na majani usiyaguse yasije yakaungua.

Harufu yake sitaisimulia. Ukiizoea ilikuwa kama harufu ya nyumbani.

Mwiko wake ulikuwa mmoja. Anayekoroga hasemi. Hajibu hodi, hajibu salamu, hata aitwe na nani.

"Togwa ina masikio," Bibi aliniambia. "Ikisikia maneno ya watu inakufa. Ikifa, shamba limekufa. Shamba likifa, mke mwenzangu, sisi tutakula nini?"

Niliamini. Niliamini kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza. Leo, na uzee huu, nadhani Bibi aliuweka mwiko ule kwa sababu zake. Ukisema juu ya mtungi ule nzi wanakuingia kinywani, hilo la kwanza. La pili, msemaji hawezi kuhesabu mizunguko mia. Na la tatu, labda alijijua mwenyewe. Lakini alipokuwa ananiambia hakucheka, nami sikuwa na sababu ya kushuku.

Mwaka ninaousema mvua zilikuwa bahili. Mahindi ya watu yakawa ya manjano yangali magotini. Ya kwetu yalisimama mabichi, meusi kwa ubichi. Mkono wa Bibi ulikuwa umeanza kuuma kwenye kiwiko, kwa hiyo kazi ya kukoroga akanipa mimi, nami nikajiona mtu mzima.

Maneno yakaanza. Kisimani tukifika, wanawake wanabadili mazungumzo. Ikawa inasemwa kwamba Bi Mwavita anavuta rutuba ya mashamba ya wenzake na kuiingiza katika la kwake. Na wakati huohuo, kana kwamba tulikuwa hatujapata la kutosha, habari zikaja kwamba mganga mmoja anayenyoa wachawi yuko vijiji vya jirani na baada ya Ijumaa atafika kwetu. Desturi yake ilikuwa hivi: anayetajwa anakalishwa uwanjani mbele ya watu, ananyolewa kipara, ananyweshwa dawa. Dawa haikuua mtu. Lakini aliyenyolewa amekwisha jina. Watoto wake hawaolewi, maji yake hayanywewi, na akifa wazikaji ni wa kutafutwa.

Asubuhi moja Bibi alikwenda kwa Mwarabu peke yake, nami nikabaki nakoroga. Nikafika mzunguko wa arobaini na kitu, nikasikia mtu anapiga hodi. Alikuwa Mzee Kibwana, jirani ambaye shamba lake limepakana na letu. Hakupata jibu, akazunguka nyuma, akanikuta. Mimi nimeshika mti wa kukorogea, povu linapanda, na moto hakuna.

"Hujambo, mjukuu?"

Kimya. Nakoroga.

"We mtoto. Bibi yako yuko wapi?"

Kimya. Nikamtazama tu. Jamani, mnajua kwetu mtoto asiyemwamkia mzee ni mtoto wa namna gani! Shikamoo ilinijaa kinywani mpaka taya zikauma. Lakini niliyaona mahindi yetu pale mbele yangu, nikabana midomo, machozi yakanitoka kwa kuona haya, nami nakoroga tu.

Mzee Kibwana akarudi nyuma hatua moja, ya pili. "Lahaula," akasema. Kisha akageuka akaenda mbio, mzee mzima yule, kanzu ameikunja mkononi.

Nilidhani amekasirika. Kumbe ameogopa. Kwetu palisemwa kwamba mchawi humchukua mtu, akamkata ulimi asiseme, akamfanya msukule wa kumlimia shamba. Na yeye alikuwa ameona nini? Shamba linalostawi wakati wa ukame, mtungi unaochemka bila moto, na mtoto anayejulikana kwa adabu hasemi, analia, na mikono yake haiachi kazi. Nikimfikiria leo siwezi hata kumlaumu. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Kufika adhuhuri kijiji kizima kina habari kwamba Bi Mwavita amemkata ulimi mjukuu wake mwenyewe.

Kesho yake tukaitwa kwa Jumbe. Jumbe wetu alikuwa mtu mpole, tena mwoga wa makelele. Akaniambia nitoe ulimi. Nikautoa. Watu wakasogea kuuangalia, mmoja akataka hata kuugusa, Bibi akampiga kofi la mkono.

"Ulimi anao," Jumbe akasema, na alionekana amefurahi kwamba mambo yamekwisha.

"Anao hapa," Mzee Kibwana akajibu. "Kule mtungini hufungwa. Mimi nimemsemesha kwa kinywa changu, Jumbe, mtoto kanikodolea macho kama maiti. Na twende kule. Aushike ule mti akoroge, na aseme akiwa anakoroga. Akisema, mimi nitamwomba radhi Bi Mwavita mbele yenu. Asiposema, mnyoaji akija hatuna haja ya kuuliza."

Tukaenda wote. Jua la mchana, watu kama wa harusini, wanakanyaga mchicha wetu. Mkeka ukafunuliwa. Wakanipa mti mkononi.

Hapo ndipo Bibi akapiga kelele. Sikupata kumsikia akipiga kelele namna ile kabla wala baada ya siku ile.

"Mwacheni mtoto! Mnaninyoa? Ninyoeni! Nywele zitaota. Mahindi hayangoji."

Jumbe akamwambia anyamaze. Bibi akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Nilimwelewa vizuri kabisa. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yanahitaji togwa mara mbili tena, na ghalani kwetu hamkuwa na kitu zaidi ya kapu moja la makopa ya muhogo. Alikuwa ananiambia: nyamaza, mke mwenzangu, niache ninyolewe, tule.

Nikaanza kukoroga. Nikakoroga mizunguko kumi, ishirini. Nikamwona mama mmoja anaanza kumvuta mwanawe arudi nyuma. Nikawaza Bibi amekaa uwanjani na kichwa kitupu. Nikawaza sisi wawili hatuna chakula. Sikuwa na la tatu la kuwaza.

Nikafungua mdomo juu ya mtungi.

"Shikamoo, babu Kibwana," nikasema. "Jana sikukuamkia kwa sababu anayekoroga haruhusiwi kusema. Humu mna mavi ya ng'ombe, na mkojo wa ng'ombe, na miwa, na unga wa kunde, na udongo wa hapa. Hamna kitu kingine." Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuua, nikamalizia kabisa. "Unakoroga mara mia. Unangoja siku nane." Kisha nikalia kwa sauti.

Mzee Kibwana akaitikia marahaba yake kwa sauti ndogo, maana salamu ya mtoto ni lazima iitikiwe. Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Mkojo wa ng'ombe? Loo! Ndio tuliokuwa tunaukimbia?" Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwokoa Bibi, kwa sababu mchawi hachekwi. Mzee Kibwana akamwomba radhi kama alivyoahidi. Ila, kwa usalama wa wote, akasema, akafungua kitambaa alichokuja nacho akamimina mtungini chumvi yote iliyokuwamo, maana uchawi huogopa chumvi. Jumbe naye, asije akalaumiwa, akaamuru mtungi usiguswe mpaka mnyoaji apite.

Mnyoaji alikuja akapita, hakumtaja Bibi. Lakini togwa ilikufa. Siku ya pili tangu niseme, povu lilikuwa limeanguka, na ile harufu yetu ikageuka kuwa ya mzoga. Tuliporuhusiwa kuanza upya mvua ilikuwa imekwisha, na mahindi yetu yakatoa magunzi yenye punje za kuhesabu.

"Ni mimi niliyeiua?" nilimwuliza Bibi.

"Ni chumvi," akasema. "Kitu chenye chumvi nyingi hakichachuki. Jaribu kwenye togwa ya kunywa utaona."

Sikumwamini. Nilidhani ananibembeleza. Ilinichukua miaka mingi, na siku hizi nikienda kwa mwanangu kule Mlandizi nawaona vijana wanatengeneza kitu kilekile katika mapipa ya plastiki, wanakoroga huku wanabishana mpira na redio inalia, na povu linapanda vizuri tu. Bibi alikuwa anasema kweli. Masikio haikuwa nayo.

Tulikula makopa na kisamvu miezi mingi. Siku nyingine kisamvu kikavu, bila nazi. Bibi alinitania akinipakulia: "Kula, mke mwenzangu, hayo ndiyo mahindi yako." Nami nililia mwanzoni, baadaye nikazoea nikawa nacheka naye.

Mama alipokuja kututazama kutoka Dar es Salaam alinikuta mbavu zinahesabika. Akaniangalia, akamwangalia Bibi, akauliza kulikoni. Nikajua nitasemwa, nikajificha nyuma ya mlango.

"Mwanao aliambiwa achague mimi au mahindi," Bibi akamjibu. "Akanichagua mimi. Sasa usimgombeze kwa kukonda."

Watu niliowasimulia kisa hiki huniuliza kama mwiko ule ulikuwa wa kweli, na wengine hucheka kwamba niliteseka bure kwa uongo. Haukuwa kweli, sawa. Lakini mimi siku ile sikujua. Tangu hapo nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimefanya maamuzi makubwa mengi, na karibu yote niliyafanya nikijua kwamba hayataniumiza sana. Lile la mtungini nililifanya nikiamini kabisa kwamba tutakufa njaa, mimi na yeye, na mpaka leo sijui yule mtoto alipata wapi moyo ule.