Kitanda Changu cha Ng'ambo

Mwaka jana, 2014, nikiwa kidato cha tatu, niligundua kwamba kuna mtu mzima anaamka, anapiga pasi shati, anakwenda kazini ili akuulize utalala wapi.

Ilikuwa Jumatatu. Nilitoka kijijini kwetu Titye kwa pikipiki hadi Kasulu mjini kuomba hati ya safari ya kwenda Burundi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa amefariki, na Jumamosi ile kwao walikuwa wanamaliza matanga. Mama aliolewa huku akitokea ng'ambo. Alitakiwa awepo, ila alikuwa na kichanga cha wiki mbili, na baba alikuwa Mpanda kwenye tumbaku za watu. Kwenye ukoo wa mama, binti asipofika anatuma mtoto wake. Huyo mtoto anakaa mkekani na watoto wa nyumba, na ndiye anayepewa mrija wa kwanza kwenye mtungi wa pombe ya mtama. Asipopewa, ni kama yule binti hakuzaliwa pale. Mtoto mkubwa wa mama ni mimi. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa unautegemea mdomo wangu, na mdomo wangu ndio ulioharibu.

Yule afisa wa uhamiaji hakuwa mtu wa huku. Alikuwa na Kiswahili cha taarifa ya habari na sura ya mtu aliyehamishiwa kwetu kama adhabu. Siku zile ukiongea Kiha, ambacho ni ndugu wa Kirundi, kwa sauti mjini, watu wa maofisini walikukagua mara mbili, kana kwamba umeficha nchi nyingine mfukoni. Nikamwamkia, hakuitikia. Akauliza nikifika huko nitalala wapi.

"Kitandani, mkuu."

Benchi zima lilicheka. Yeye alifunika kalamu yake taratibu, akasema nilete barua ya mwenyeji wangu, ioneshe nitalala kwa nani na kwa siku ngapi, na iwe na namba ya simu. Mzee aliyekuwa nyuma yangu alipewa fomu bila kuulizwa habari za kitanda wala godoro. Nikamchukia yule afisa kuanzia kwenye soli za viatu.

Mama akampigia mjomba, kaka yake. Jumatano barua ikafika kwa mkono wa dereva wa magari ya Manyovu, kule mpakani. Nikaipeleka mbio. Afisa akaisoma, halafu akaisoma tena kwa sauti ili benchi nalo lifaidi: "Huyu haji ugenini. Anarudi kwao. Kitanda chake kipo, na hakuna wa kumhesabia siku."

Akanitazama kama kunguni aliyeonekana mchana kweupe.

"Kumbe unarudi kwenu," akasema. "Mimi nilikuwa nashughulika na hati ya Mtanzania."

Nikamwonesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha shule. Akasema vyeti siku hizi hata mbuzi anavyo. Nikamwambia mbuzi wetu hana. Benchi lilicheka tena, na hapo nikajua nimejimaliza. Akaisukuma barua kwangu kwa ncha ya kidole. Alitaka iandikwe kwamba mimi ni mgeni, nakwenda na narudi, la sivyo wangeanza kuniuliza mengine.

Mama hakunigombeza. Alimpigia tena mjomba, akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yote ilikuwa na mtoto. Akamweleza ni neno moja tu, la karatasini, la kumridhisha mtu wa ofisi.

"Mwambie huyo mtu wenu kwamba mtoto wa dada yangu si mgeni," mjomba akasema. "Nikiandika hivyo nimekufukuza wewe, dada." Akakata.

Mimi nikachana karatasi ya daftari la Jiografia.

Niliandika kwa mwandiko wa kizee, na niliufurahia, siwezi kusema uongo. Mjomba wa kwenye karatasi yangu alikuwa mstaarabu kuliko wa kweli: alimkaribisha mgeni wake kwa siku tatu, atalala chumba cha wageni, kisha ataondoka. Nyumba ya mjomba ina vyumba viwili. Mimi hulala na watoto wake wawili kitanda kimoja, tunapigana mateke mpaka asubuhi. Nikatia sahihi, nikaweka namba yake.

Alhamisi afisa akaisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikadhani nimemweza. Akaninyang'anya simu ya mama niliyokuwa nimeibeba, akaipiga ile namba mbele yangu, akaweka sauti kubwa.

"Una mgeni anakuja kwako Ijumaa, siku tatu. Unamfahamu?"

Nikasikia jogoo wa mjomba akiwika kule ng'ambo. Nikaangalia sakafu.

"Ndiyo, shefu," mjomba akasema. "Ni mgeni wangu."

Muhuri ukagongwa.

Nilifika Ijumaa jioni. Watu wa kule wakikusalimu wanakukumbatia, wanakushika mabega, wanauliza habari za kila mtu mpaka kuku. Mjomba alinipa mkono. Akaniletea kiti chake chenye mikono, cha pekee pale nyumbani, akakifuta vumbi kwa kofia yake. Watoto wake walikuwa mkekani wananitazama. Usiku akawahamishia jikoni na mablanketi yao, akanipa kile kitanda peke yangu, na ndoo ya maji ya kunawia mlangoni. Nikajaribu utani. Akacheka kwa adabu, kama anavyocheka na padri.

Jumamosi nilikaa kwenye kiti. Mtungi ukatolewa, mrija wa kwanza ukapita mbele ya magoti yangu ukaenda kwa mtoto wa jirani. Niliuona ulivyolowa. Hakuna aliyeniangalia vibaya. Mgeni haangaliwi vibaya.

Siku ya tatu begi langu lilikuwa tayari nje, limefungwa.

Mama alikuwa ananyonyesha nilipoingia. Akauliza nani alianza mtungini. Nikamwambia. Akamhamishia mtoto kwenye titi la pili, akauliza kama mjomba alinisindikiza.

"Hadi barabarani," nikasema. "Alinibebea na begi."

Hakuuliza nililala wapi.