Picha za Jicho la Baba kwa Mwanga wa Kijani

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago. Miaka ya tisini alifanyia kazi nyuma ya nyumba yetu mtaani Komarock, akichonga twiga wa kuwauzia watalii mjini. Kisha twiga wakaanza kutoka na shingo zilizopinda. Mama alidhani ni uzee. Baba alilaumu miwani, akanunua nyingine, na nyingine tena.

Alipojikata kidole gumba kwa patasi, niliomba ruhusa kazini nikampeleka hospitali ya macho. Mama alikuja nasi. Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimmulika macho, akasema anataka picha za nyuma ya jicho kwa mwanga wa kijani.

"Kwa nini kijani?" baba akauliza.

"Damu huumeza mwanga huo, mzee. Mishipa na mahali palipovuja damu hutokea peusi. Kwa mwanga wa kawaida kila kitu huko ndani ni chekundu, mtu anaweza kupitwa."

Baadaye alidungwa rangi kwenye mshipa wa mkono, akapigwa picha nyingine kwa mwanga wa buluu. Uso ukawa wa manjano. Akiwa chooni aliniita kwa hofu. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa. Nesi alikuwa ametuonya, lakini baba alidhani anatania.

Tulirudi filamu ya picha hizo iliposafishwa. Niliona mishipa iliyotawanyika kama mizizi, na kando yake madoa meusi, mengi kuliko nilivyotarajia.

"Una ugonjwa wa sukari, na si wa jana," daktari alisema.

"Mimi? Hata chai nakunywa ya sukari kidogo."

"Na yale maji unayokunywa mtungi mzima?" mama akamuuliza. "Na kuamka kila saa kwenda choo?"



Alichomwa ndani ya macho kwa miale ya leza, mishipa isizidi kuvuja. Jicho la kulia halikurudi kuona vizuri. La kushoto lilibaki pale pale lilipokuwa, bila kuharibika zaidi, na daktari akasema hayo ni matokeo mazuri. Baba hakuyaona hivyo. Aliacha twiga, akawa anatengeneza vibao vya kukatia nyama kwa wachoma nyama wa soko la Burma.

"Hii si kazi," aliniambia, "ni kupasua mbao tu."

Lakini aliifanya kwa miaka, na sindano zake za insulini hakuzikosa. Jumapili moja, bila kuniangalia, alisema, "Nawe nenda ukapimwe." Nilienda wiki iliyofuata. Sikukutwa na kitu. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa, akaomba chakula.