Kaseti ya Mzee Mwinyimvua

Zabibu, muuza vitumbua wa stendi ya Kibiti, ana hasira za karibu, hata wateja wake wanalijua hilo. Lakini siku ile aliingia dukani kwa Kanji akicheka peke yake, kaseti mkononi. Ameikuta sandukuni mwa marehemu mama yake, imefungwa ndani ya kanga. Juu yake pana mwandiko wa baba: "Mohoro, piano."

Baba yake, mzee Mwinyimvua, alikuwa mpiga jazi. Walikuwa watatu tu, piano, besi na ngoma, nyumbani kwa baba yake Kanji kule Mohoro, kabla mafuriko hayajaizoa piano yenyewe. Walirekodiwa mara moja tu, kwenye harusi. Mzee alifariki Zabibu akiwa bado ananyonya, na sauti yake haijui. Duniani imebaki ndani ya kaseti ile, basi.

Kanji akapangusa redio kaseti yake ya zamani, akabonyeza. Ikatoka hitima.

Aliyekuwa akiongoza kisomo ni kaka yake, ustadhi Haidari. Loo! Zabibu akanyakua simu yake. Akampigia simu: "Njoo kwa Kanji. Sasa hivi!"

Haidari akaja, akasikiliza, wala hakupepesa macho.

"Nilipotoka chuoni nilimsomea baba hitima, nikairekodi humo," akasema. "Nilimsitiri. Muziki utamfaa nini kaburini?"

"Umemsitiri? Umeninyang'anya baba, kaka! Wewe ulimwona, ulimsikia, ulishiba. Mimi je? Kaseti mpya zilikwisha Rufiji nzima?"

"Punguza sauti, watu wanasoma."

Na kweli akaipunguza. Kisomo hakikatwi katikati, na hakuna aliyethubutu kukizima, wala Kanji mwenyewe, Mhindu wa watu. Basi wakagombana kwa kunong'ona, Zabibu machozi yanamtoka kwa hasira, na dua inaendelea tu, ndefu, mpaka watu wakaitikia amin.

Kaseti ikalia tak. Halafu, piano.

Kumbe hitima haikufika mwisho wa kaseti! Besi ikaingia, ngoma zikafuata zikikimbia, na akinamama wakapiga vigelegele. Kisha mwanamume mwenye sauti nzito, anahema, anacheka:

"Piano ni mimi Mwinyimvua. Besi, Sadala. Na kwenye ngoma, mwanangu Haidari! Mtunzeni jamani, mtoto ana mikono huyu!"

Zabibu akamgeukia kaka yake. Huyu huyu anayewakataza watoto wa mtaa hata kugonga makopo!

Haidari akanyoosha mkono kwenye redio. "Hiki si kisomo. Hiki kinazimika."

"Thubutu!" Zabibu akaukamata mkono ule, akaubana mezani kwa nguvu zake zote. "Ulinifutia baba ili ujifute wewe! Kaa hapo. Kanji, ongeza sauti, stendi nzima isikie."

Kanji akaongeza.

Chini ya kiganja cha Zabibu, vidole vya ustadhi vilikuwa vinagonga meza.