Mbuzi wa Darasa la Awali

Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Same. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya sura yangu, maana sifa nyingine sikuwa nayo. Nikikohoa tu nje ya dirisha, darasa zima linakumbuka kwamba lina daftari mbele yake. Niliamini hata nyumbani mambo yanapaswa kuwa hivyo.

Binti yetu alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza. Kila jioni nikirudi aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo baba." Namjibu, "Marahaba, umeshindaje?" Anasema, "Salama," na hapo mazungumzo yetu yanakuwa yameisha mpaka kesho. Siku moja nikamsifia kwa mama yake kwamba ni mtoto mtulivu sana. Mke wangu alinitazama kama anavyotazamwa mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Mtulivu?" akasema. "Huyo ukishatoka hapa, hata kuku hawapati nafasi ya kulia."

Mwalimu wake wa darasa la awali, jirani na shule yetu, alikuwa dada mmoja wa huko juu milimani, mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Aliita kikao cha wazazi, akasema akina mama wamekuja vya kutosha kucheza na watoto darasani, sasa anawataka akina baba, kila Ijumaa asubuhi mmoja. Tulikaa tukitazama viatu vyetu. Baba mmoja akasema yeye ataleta mbao.

"Mbao ninazo," mwalimu akajibu. "Ninachokosa ni akina baba."

Nikanyoosha mkono. Si kwamba nilikuwa na moyo mzuri kuliko wenzangu. Nilitaka kumwonyesha yule dada jinsi darasa linavyoshikwa.

Ijumaa ile nilivaa tai. Nilikuwa nimeandaa somo la maumbo, nimekata na makaratasi magumu ya rangi. Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na upepo wa Same ukitingisha bati juu yetu. Nikasimama mbele, nikakohoa.

"Mwalimu," mtoto mmoja akauliza, "babu ana kifua?"

Nikajifanya sikusikia. Nikainua duara. "Hii ni nini?"

"Chapati."

Nikainua pembetatu.

"Sambusa."

Nilipoanza kuwaeleza kwamba pembetatu ina pande tatu, mmoja akainuka, akaenda zake kwenye kona ya michezo. Akafuata mwingine. Hawakuomba ruhusa, wala hawakuonyesha dharau. Walikuwa tu wameshamalizana na mimi. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuona darasa likiyeyuka kistaarabu namna ile. Mwishowe kwenye mkeka akabaki mmoja tu, binti yangu, ameinamisha kichwa. Sikuwa na shaka kwamba alikuwa ananionea aibu.

Nikamgeukia yule dada, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nifanye nini?"

"Muulize mwanao," akasema, akaendelea kutunga visoda vya chupa kwenye uzi.

Nikachuchumaa. Magoti yalilia mpaka wakageuka wa kule konani. "Mwanangu, mnapenda kucheza nini?"

"Tunacheza gulio," akasema. "Lakini mbuzi wetu ameoza." Mbuzi wao, nilikuja kuelewa, alikuwa kipande cha mgomba. Kisha akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Baba, wewe unaweza kuwa mbuzi?"

Katika maisha yake yote hakuwahi kuniuliza swali. Nikapiga magoti, nikaweka mikono chini. Walinifunga kwa tai yangu mwenyewe, wakanichunga kuzunguka darasa, wakanilisha majani ya mpapai ambayo ilinibidi niyatafune kweli kwa sababu mchungaji alikuwa akinikagua mdomo. Sokoni hakuna aliyenitaka. Mnunuzi mmoja alisema mbuzi huyu ana kipara. Nililia "mee" kwa uchungu usio wa kuigiza, na binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijui kwamba akicheka huwa anashika tumbo kwa mikono yote miwili.

Nilipoinua kichwa, dirishani kulikuwa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wanapita kwenda uwanjani. Hakuna aliyecheka. Walisimama kama watu waliopita msibani bila kutarajia.

Jumatatu mstarini, kutoka safu za nyuma, ikasikika "mee" moja nyembamba. Dawa ya mambo kama hayo ninaijua. Nikafungua kinywa niitoe, kikatoka kicheko, na mstari mzima ukaogopa kuliko siku zote.

Habari zikafika mpaka stendi. Ijumaa iliyofuata zamu ilikuwa ya baba mwingine, muuza nyama, lakini watoto waligoma kuanza bila mbuzi wao, ikabidi niitwe kwenye kipindi changu cha mapumziko. Yule muuza nyama alisimama kando amefumbata mikono, hajui aanzie wapi, mpaka watoto walipompeleka gulioni kunikagua. Akanipapasa mbavu kwa mkono wa mtu anayejua anachotafuta.

"Huyu hana nyama," akawaambia kwa masikitiko. "Mrudisheni malishoni."

Nakiri niliumia kidogo. Ila watoto walimpenda papo hapo, na wiki iliyofuata alirudi bila kuitwa, akiwa na shemeji yake.

Ijumaa ile ya muuza nyama, nilipomaliza vipindi, nilipita kumchukua binti yangu, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya mama yake. Alinishika kidole, tukaanza kutembea, naye akaanza kusema. Akanieleza nani analia akiachwa mlangoni, nani anakula chaki, kwa nini mawingu hukaa juu milimani na hayataki kushuka kwetu. Tulipokaribia nyumbani nilipata swali zuri sana, nikataka kumwuliza.

"Subiri baba," akasema. "Sijamaliza."