Karafuu Mtaanika Wapi?

Ipo siku moja ya msimu wa karafuu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu mama yako atuache inanijia kila ninapokaa peke yangu. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na nilikuwa juu ya mkarafuu kule Wawi, nachuma huku naimba. Mti ule ulikuwa wa mama yako. Mahakama ilikuwa imempa haki yake wiki ile ile. Chini akapita shangazi yake, Bi Mize, mwanamke mzee aliyetembea kwa mkongojo. Alisimama, akanitazama.

"Mmeshinda, mkwe wangu?"

"Tumeshinda, Bi Mize, alhamdulillahi."

"Hongereni. Na karafuu mtaanika wapi?"

Niliacha kuimba. Naye hakungoja jibu. Alikwenda zake.

Nakusimulia haya, Rukia, kwa sababu ya maneno uliyoniambia baada ya hitma ya mama yako. Ulisema unataka kuacha mojawapo ya shahada mbili unazozisoma kwa pamoja huko chuoni. Utabaki na sheria, ile ya sayansi ya jamii uiache, umalize mapema urudi kukaa na mimi. Ulisema, "Baba, sheria ndiyo yenye kazi. Ile nyingine ni kuuliza watu maswali tu." Jirani yetu Faki, ambaye hanyamazi hata matangani, akadakia: "Afadhali uache moja, binti. Sheria ya kutufunga, jamii ya kuja kutuuliza tunajionaje jela?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana nyumba ilikuwa inahitaji kicheko. Lakini uliniomba jibu, na jibu sikukupa. Leo nakupa, na kijana mwingine yeyote anayesoma kama wewe naye asikilize.

Mie sikusoma. Nilihitimu chuo cha Kurani, na skuli niliishia madarasa ya chini. Sheria siijui, na hiyo sayansi ya jamii nililisikia jina lake kwako. Nitakwambia nilichokiona tu.

Babu yako alipofariki aliacha watoto wawili, mama yako Time na kaka yake Hamad, na shamba la mikarafuu pale Wawi. Wazee wa mji walikaa kwenye baraza ya Hamad wakasema kama walivyozoea kusema: Time ameolewa, miti aiachie kakake, siku akiachwa atakuwa na pa kurudi. Walikuwa watu wema. Walijua kila mtu anakula nini na analala wapi. Mmoja akamwambia, "Time, wewe una mume, unataka nini tena?" Mama yako, unamjua, hakupandisha sauti. Alisema, "Mume si urithi, mzee wangu. Fungu langu Mungu amelitaja."

Hapakuwa na mtu wa kumpa fungu lile. Tukaenda mahakamani Chake Chake.

Mahakama nayo ilifanya kazi yake sawasawa, sitaki kuisingizia. Hamad mafungu mawili, Time fungu moja. Wakaja watu wakaigawa miti, ya mama yako ikatiwa alama ya rangi nyeupe kwenye shina. Ilikuwa miti mizuri, mirefu, yenye kuzaa. Tulirudi nyumbani tukachinja kuku.

Ila karafuu, mwanangu, ukiichuma leo, kesho inataka iwe juani, isiposhika jua inavunda. Na katika shamba lile sakafu ya kuanikia ilikuwa moja, mbele ya mlango wa Hamad. Nyumba ilikuwa yake, na ua ulikuwa wake. Kwetu Vitongoji mikarafuu haishiki, kwa hiyo hatukuwa na sakafu, tulikuwa na majamvi tu. Mahakamani hakuna aliyeuliza habari za sakafu, kwa sababu hakuna aliyeishtakia. Tulidai miti, tukapewa miti.

Hamad alifunga ua. Tukazibeba karafuu mbichi kichwani mpaka Vitongoji, tukazianika kwenye majamvi, mvua ikatukuta. Wewe hujawahi kunusa karafuu iliyovunda, na naomba usije ukainusa. Mama yako alizichambua zote vile vile, konyo, vile vijiti vyake, huku na karafuu huku, kana kwamba zinafaa. Kilichomuumiza si karafuu. Siku ya Idi alipita mlangoni kwa kakake, akatoa salamu, na ndani hakuna aliyeitika.

Ndipo alipokuja Bi Mize. Alikaa kwetu, akaenda akakaa kwa Hamad, akarudi tena kwetu. Hakuuliza nani ana haki, hilo lilikuwa limekwisha. Aliuliza mambo mengine. Nani huwapikia wachumaji? Jua la asubuhi linapiga upande gani wa sakafu? Hamad alipokuwa mgonjwa, nani alilinda karafuu zisiibiwe? Mimi nilikereka. Nilimwambia, "Bi Mize, maswali haya yatatupa nini?"

"Yatanipa mimi mahali pa kuanzia," alisema. "Wewe kaa kimya, au kanitwangie tambuu nitafune."

Nikaenda kumtwangia.

Kumbe Hamad hakuwa na kinyongo cha miti. Alikuwa na aibu. Watu wa Wawi walimwambia ameburutwa mahakamani na mwanamke, na yeye aliona kuifungua ile sakafu ni kushindwa mara ya pili. Bi Mize alilijua hilo baada ya kuuliza na kungoja. Akampa Hamad njia ya kufungua bila kuonekana ameshindwa: yeye ndiye awe mwenye kutuita, kwamba karafuu za dada yake zianikwe kwake upande wa mashariki, na Time ndiye awapikie wachumaji wa pande zote mbili. Hamad akaja mwenyewe mpaka Vitongoji kutuita. Wewe ulizaliwa miaka mingi baadaye, na ulicheza juu ya sakafu ile bila kujua kuwa iliwahi kufungwa.

Unaona, utasema, basi Bi Mize alitosha. Hakutosha, mwanangu. Bi Mize alifariki, na mjomba wako Hamad akamfuata. Wanawe wakashika nyumba. Msimu uliopita, mama yako tayari anaumwa, walituambia kwa adabu kabisa: "Ami, makubaliano hayo sisi hatuyajui, hatukuwapo. Yako wapi?" Hayakuwa popote. Yalikuwa kwenye midomo ya watu walio chini ya ardhi. Hakuna aliyewahi kuyapeleka mbele ya sheria yakapata nguvu. Ua ukafungwa tena. Mama yako aliondoka duniani akiwa na miti yake na hana pa kuanika.

Sitakuficha, nililia siku ile. Nyumba imekuwa kimya, na nikisikia mlango nadhani ni yeye. Kama ningekuwa najitazama mwenyewe ningekwambia rudi hata kesho. Nakutaka hapa. Lakini jibu langu kwa lile uliloniomba ni hapana. Usiache hata moja.

Wazee wa baraza waliwajua watu, na haki ya mama yako hawakuiona. Mahakama iliiona haki, na sakafu haikuiona. Bi Mize aliiona sakafu, na hakuwa na mkono wa kuifanya ibaki wazi. Maisha yangu yote nimewaona watu hawa wanapita mmoja mmoja, kila mmoja na nusu yake, hawajakutana hata siku moja. Wewe unaweza kuwakutanisha ndani ya kichwa kimoja. Hilo ndilo unalolisoma, hata kama huko chuoni wanaliita jina jingine.

Sikutumi urudi ugombane na wanawe mjombako. Hilo niachie. Jumamosi nitakwenda Wawi, nitakaa nao, nitawauliza nini kinawauma, na nitawasikiliza mpaka mwisho, maana nilifundishwa na mtu aliyejua. Tukipatana nitakupigia simu, nawe utaniambia namna ya kuyaandika yasimame. Tusipopatana, nitazibeba karafuu kichwani mpaka Vitongoji kama zamani. Shingo bado ninayo.

Basi soma, mwanangu. Ukiwa kwenye kitabu cha sheria, jiulize nani ataanika wapi. Ukiwa unawauliza watu maswali, jiulize majibu yao nani atayapa nguvu ukishaondoka. Ukichoka, pumzika, kisha endelea. Usikate njia kwa ajili ya machozi yangu, yatakauka yenyewe.

Mola akufungulie kifua, akupe subira ya mama yako na masikio ya Bi Mize, akulinde safarini na kwenye mitihani, na siku utakapohukumu au kutetea, akuoneshe na kile ambacho hakuna aliyekishtakia. Amin.