Kaburi la Mlangoni

Baba yangu alikuwa na swali moja, na alipenda kuliuliza nikiwa jikoni, mwiko mkononi: "Mama, nikifia hapa Lewisville, mtanilaza wapi?"

Mimi nami nilikuwa na jibu moja. "Jamani baba, usiseme hivyo. Bado upo sana." Kisha namwongezea uji ili anyamaze.

Nilimleta huku Marekani kutoka Kilimanjaro kwa sababu ya figo zake. Hospitali ipo jirani, dawa zipo, na mimi mwenyewe ni nesi. Kumrudisha niliona ni kumuua kwa mikono yangu. Yeye aliyatazama makaburi ya huku, nyasi zimekatwa sawasawa kando ya barabara kuu, akasema, "Pale hata jirani humjui."

Basi mwenzangu wa kazini, mwanamke wa Samoa, visiwa vya huko bahari ya Pasifiki, akanialika likizo twende kwao tukamwone mama yake. Nikawaachia mume wangu na binti yangu mzee wao, nikaenda. Ndege juu ya ndege, mpaka miguu ikavimba.

Kumbe Wajerumani waliwatawala wale kama walivyotutawala sisi. Mwenzangu alinisimulia habari za machifu waliowapinga: walipakiwa melini wakapelekwa kisiwa cha mbali, na wengine hawakurudi hai. Nikamwambia kwetu nako mangi, chifu wetu, alinyongwa, kichwa kikachukuliwa, na mpaka leo watu wanakitafuta. Hakuna aliyempa mwenzake pole.

Mama yake alitupakulia magimbi na samaki wa nazi. Sahani ilipojaa nikapiga kelele, "Mama, tele! Tele!" Akaongeza. "Tele, mama!" Akaongeza tena, uso umemchangamka. Mwenzangu alicheka mpaka machozi, maana kwao nako tele ni tele vilevile, na bibi alidhani naomba kingi. Ningefanyaje? Nikalegeza kanga, nikala.

Nikatoka nje nipumue. Mbele ya nyumba, pale pale mlangoni, palikuwa na kaburi la marehemu mumewe, limepakwa chokaa, na pembeni yake mmea wa majani marefu. Yesu wangu, isale! Halikuwa isale lenyewe, labda ndugu yake, lakini sisi Wachagga ndilo tunalolipanda kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, tunapowalaza wazee wetu. Wajukuu wawili walikuwa wamekaa juu ya kaburi wanakula ndizi. Nikawakemea, tena kwa Kiswahili! Bibi akaja, akaketi palepale na wajukuu, akapigapiga saruji kwa kiganja: njoo. Nikaketi. Nikalia, sijui kwa nini. Hapana, najua.

Nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huko saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Ila huku ni kesho."

"Ni kesho?" Akafikiri. "Hebu niambie, hiyo kesho mimi nipo?"

Nilicheka. "Upo, baba." Nikamweleza nimeketi wapi.

"Mlangoni kabisa?"

"Mlangoni."

"Hao ni watu," akasema.

Pale pale nikaamua. Nilijua ninachokisema, kule kwetu mpaka hospitali ni safari, na figo hazisubiri gari. "Nitakurudisha nyumbani, baba. Ukitembea kwa miguu yako, siyo ndani ya sanduku. Nikifika tu, tunafunga mizigo."

Nilidhani atashangilia. Nikasikia binti yangu akimwuliza kwa Kiingereza kama anataka chai, naye akimjibu kwa Kiswahili, kila mtu na lugha yake, kama kawaida yao. Kisha akarudi kwenye simu, sauti ameishusha.

"Asante, mama. Mimi sasa pangu napajua. Na wewe je, hawa watoto wako watakulaza wapi?"

"Jamani baba," nikasema, "usiseme hivyo."