Kitanda cha Sajini

Nyumbani kwa babu hata mito ya kitandani ilisimama mguu sawa. Alistaafu jeshini akiwa sajini, akarudi na buti, kovu la begani, na ukaguzi wa vitanda kila Jumamosi asubuhi. Shuka livutwe kama ngozi ya ngoma, pembe zikunjwe kama bahasha. Aliyekuwa na kitanda cha hovyo alikifumua chote, akaanza upya.

Katika wanawe, aliyemrithi ni shangazi: mwendo ule ule, sauti ile ile, jicho lile lile. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akawa muuguzi mkuu wa wodi, na wagonjwa walisema hata homa ilimwogopa.

Bibi alipofariki, na babu akaanza kuburuta mguu, shangazi aliamua ahamie kwake. Babu akagoma. Kuta zile alizisimamisha mwenyewe. Ule wa sebuleni bibi aliupaka rangi ya chungwa bila kumwuliza mtu, babu akaununia weee, mpaka akaupenda. Angemwachia nani?

"Basi nitakuja kila Jumamosi kukagua," shangazi alisema. "Siku nikikuta huwezi kujitunza, unafunga mizigo. Hakuna rufaa."

"Wewe unikague mimi?"

"Kwani nimejifunza kwa nani?"

Babu akanigeukia mimi, mjukuu wake wa kike niliyekaa mtaa wa pili. "Mchumba, unasikia? Nimejifugia chui mwenyewe."

Lakini babu alishinda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kucha fupi, sufuria zinang'aa, viatu unaweza kujitazamia meno. Na kitanda! Ungedhani kimechorwa. Shangazi alikizunguka, asione kosa, akaondoka. Nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Hadi asubuhi moja babu aliponyanyuka kitini akaguna.

"Nyonga?" shangazi akauliza.

"Uzee tu."

Shangazi akaingia chumbani. Safari hii hakutazama pembe. Aliinua mto, akaunusa. Foronya ilikuwa bado na mkunjo wa pasi na harufu ya sabuni. Akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akavuta mkeka uliokunjwa pamoja na blanketi la jeshi.

"Baba, unalala chini."

"Mkeka unanyoosha mgongo."

"Na nyonga inasemaje?"

Babu akajisalimisha. "Nikikilalia, kukitandika kunanishinda. Mkono haufiki upande wa ukutani. Nilikitandika mara moja, nikatweta kama mbwa. Nikasema, sikigusi tena. Ungekuta pembe imelegea ungenihamisha."

Nikajua kwisha habari yetu. Amejifunga kwa mdomo wake.

Shangazi aliutazama ule mkeka. Halafu, yeye ambaye wodini hata tabasamu alilipima kama dawa, akaangua kicheko.

"Unajua nimejuaje? Sisi tulilala chini kila Ijumaa. Mimi na kaka zangu. Ili ukute vitanda vimekaza."

"Najua."

"Unajua?"

"Mlijirundika kama vifaranga. Unadhani nani alikuwa anawafunika?"

Shangazi akageukia dirishani, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mbona hukutuadhibu?"

"Mama yenu alisema nikiwaamsha nitalala nje. Na yule hakuwa mtu wa kutishia bure."

Shangazi akapenga kamasi, akajinyoosha. "Sajini! Mguu sawa!"

Babu akajikusanya, akasimama.

"Unabaki hapa. Ila kuanzia leo nitakagua kama kitanda kimelaliwa. Nikikikuta kimenyooka, unafunga mizigo."

"Amri mbaya hiyo," babu akasema. "Nimeipokea."

Jumamosi iliyofuata alifeli. Alikivuruga kitanda kwa mikunjo iliyolingana, safu kwa safu, kama kikosi kwenye gwaride. Shangazi akamlaza palepale kwa nguvu, akamwamuru agaagae, na babu akagaagaa huku akilalamika kwamba hata adui hakuwahi kumdhalilisha hivyo.

Alijifunza taratibu. Aliishi mle mpaka mwisho wake. Siku tulipoingia chumbani baada ya mazishi, shuka lilikuwa limeanguka nusu, mto umepinda, blanketi limejisokota miguuni. Mmoja wetu akanyoosha mkono atandike.

"Hebu acha!" shangazi akamkemea. Akakaa pembeni ya kitanda, taratibu, asije akakinyoosha.